Pa Kupitishia Hewa

Kazi ya kwanza niliyoiongoza mwenyewe niliipatia kanisani, kwenye ukumbi wa chini, nikiwa na kikombe cha chai mkononi. Ilikuwa Marekani, mwishoni mwa miaka ya tisini. Nilikuwa nimemaliza shahada ya uhandisi katika chuo cha College Park na kuajiriwa na ofisi ndogo ya Arlington. Jumapili nilisali Silver Spring na Wakenya na Watanzania wenzangu, mahali ambapo ibada ilikuwa ya Kiswahili na chai ya baada ya ibada ilikuwa ya maziwa, yenye tangawizi ya kuunguza koo.

Siku hiyo alinijia mama mmoja Mkenya, mwenyeji wa Kisii, muuguzi wa miaka mingi. Kanisani sote tulimwita Sista, kama wauguzi wanavyoitwa kwetu. Alitembea haraka hata pale ambapo hakuwa na haraka. Nilimwamkia shikamoo. Akacheka, maana kwao salamu hiyo haina kazi sana, kisha akaitika marahaba kwa heshima zote na kunishika mkono.

"Nasikia wewe ni injinia," akasema. "Wa barabara?"

Nikamwambia hapana, mimi ni wa ndani ya majengo: hewa, joto, baridi, mabomba ya maji safi na ya maji machafu. Kwa kawaida nikilieleza hilo watu walipoteza hamu. Walitaka madaraja. Sista alinivuta kando, akaniketisha.

Yeye na mumewe walikuwa wamepata jengo la zamani palepale Silver Spring, lililokuwa duka la samani, na walitaka kuligeuza kituo cha kutunza wazee mchana. Wazee wangeletwa asubuhi kwa gari, wale, wafanye mazoezi mepesi, wapimwe presha, wacheze karata, kisha jioni warudishwe kwa watoto wao. Orofa ya juu ingekuwa ofisi. Msanifu majengo walikuwa naye tayari, Mmarekani mpole, na kilichobaki kilikuwa ofisi ya wahandisi ya kupanga hewa, umeme na maji. Akaniambia kwamba jina la ofisi yetu alishampa yule msanifu wiki iliyopita. Kuniuliza mimi kulikuwa adabu tu.

Jumatatu nilimweleza bosi wangu. Alikuwa mzee mwembamba aliyemaliza ujana wake kwenye vyumba vya maboila, yale matangi ya kuchemshia maji ya kupasha majengo joto, na hata akiwa amevaa tai ungeona kwamba vidole vyake havikuwa vya mtu wa ofisini. Aliniuliza swali moja: je, boila la jengo hilo nimeliona? Nikasema bado. Akaniambia nikalione kwanza, ndipo nizungumze. Nilipofika mlangoni akaongeza kwamba jengo hilo ni langu. Yeye angetia sahihi michoro kwa sababu sheria inataka hivyo, lakini maamuzi yangekuwa yangu. Nilitoka nikaenda chooni nikacheka peke yangu mbele ya kioo.

Upande wa umeme nilipewa mwenzangu wa ofisi, Mkongo kutoka Lubumbashi, aliyenizidi umri kidogo. Alisomea umeme kwa Kifaransa, akaufanyia kazi kwa Kiingereza, na mimi akanisemesha kwa Kiswahili cha kwao ambacho mwanzoni kilinichekesha, baadaye kikaniingia ulimini hadi mama yangu kwenye simu akaniuliza naongea lugha gani. Alikuwa na watoto watatu ambao kila kitu alichowaambia kwa Kiswahili walikielewa na kila kitu walikijibu kwa Kiingereza. Hilo lilimkasirisha na kumfurahisha kwa pamoja.

Tulikwenda kuliona jengo. Chini kabisa kulikuwa na boila kubwa kama ng'ombe aliyelala, na kando yake chumba cha kuwekea makaa ya mawe ya enzi zile, bado na vumbi jeusi kwenye pembe. Chumba hicho cha chini kilikuwa kirefu na kikavu, kikienda chini ya jengo zima. Juu yake ndipo palikuwa na ukumbi wa duka: mpana, wenye mwanga hafifu na dari iliyoshuka chini, ya vile vigae vyepesi vyeupe vinavyoning'inizwa kwenye fremu za chuma. Vingi vilikuwa na madoa ya kahawia ya maji. Harufu ilikuwa ya zulia kuukuu.

Sista alitufuata kila tulipokwenda. Mimi nilipima, mwenzangu alifungua maboksi ya umeme na kutikisa kichwa. Kisha Sista akanisimamisha katikati ya ukumbi, akaweka kiganja chake nyuma ya shingo yangu.

"Hapa," akasema. "Mzee akipigwa na hewa baridi hapa, siku yote amekunja mabega, chakula hali. Sitaki hewa ya kupuliza wazee wangu. Nataka wakae tu wasijue kama kuna mashine."

Niliandika: hewa isijulikane. Halafu nikarudi ofisini na kuchora kile ambacho kila mtu huchora, yaani dakti, yale mabomba mapana ya bati yanayopitisha hewa, nikayatandaza juu ya vile vigae na kuyatoboa huku na kule ili hewa imwagike chini. Mwenzangu naye akajaza taa na nyaya zake palepale. Kwenye kompyuta ilipendeza.

Siku chache baadaye tulirudi ili yeye aone nyaya za zamani zimepita wapi. Alipanda ngazi, akasukuma kigae kimoja, akaingiza kichwa na tochi. Nilimsubiri aniambie vipimo. Nikaona mwanga wa tochi ukizunguka juu ya vigae, ukirudi palepale.

"Dada," akasema, kichwa bado ndani, "kuya uone hii plafo."

Alishuka nikapanda mimi. Juu ya vigae, mbali zaidi ya nilivyofikiria, kulikuwa na dari nyingine. Ilikuwa ya plasta, yenye rangi ya maziwa, na ukingoni mwake mizabibu ilitambaa kuzunguka ukumbi wote, majani yake yakiwa yamechongwa hadi mishipa. Hapa na pale palibaki rangi ya dhahabu iliyong'aa nilipopitisha tochi. Katikati kulikuwa na ua kubwa, pana kama meza ya watu wanane, petali juu ya petali. Nilisahau kwamba nimesimama kwenye ngazi.

Tulitoa vigae vingine, kisha vingine, mpaka vumbi likageuza nywele zetu kuwa nyeupe. Sista alipofika kutoka zamu yake, akiwa bado na sare na mkoba kwapani, alisimama katikati akaangalia juu. Mumewe, mtu wa maneno machache, aliuliza polepole kama huo ulikuwa ukumbi wa dansi. Ndivyo ilivyokuwa. Msanifu alikuja kuthibitisha baadaye: kabla ya duka la samani, watu walicheza pale muziki wa bendi.

"Hii siling hamfuniki," Sista akasema.

Kwangu ilikuwa dari, kwake siling, kwa mwenzangu plafo, na kwa wote watatu kuanzia saa hiyo ilikuwa tatizo. Msanifu alifurahi kama mtoto. Nami nilifurahi, naapa, lakini nilipokuwa kwenye treni nikirudi Arlington nilielewa kwamba dakti zangu zote hazina makao. Taa za mwenzangu pia.

Tulianza upya. Tulikuwa na mtindo wa kuchapa michoro kwenye karatasi zinazopenya mwanga, wake wa umeme na wangu wa hewa, na kuziweka moja juu ya nyingine kwenye dirisha kubwa la ofisi ili tuone wapi tunagongana. Tuligongana kila mahali. Nikihamia kwenye kuta, nilikuta nyaya zake. Akisogeza nyaya, alikuta mabomba yangu ya maji. Aliniambia kwamba watu wa hewa ni kama mgeni anayekuja na mabegi kumi, wanataka nyumba nzima. Nikamjibu kwamba nyaya zake ni nyembamba, hazina sababu ya kulalamika. Wenzetu wa ofisi hawakuelewa hata neno moja, ila walisogeza viti waangalie.

Jibu lilikuja nikiwa nyumbani, siku ya mapumziko, nimekaa sakafuni kwenye nyumba yangu ya kupanga nikila wali na maharage. Nilipenda kula pale kwa sababu joto la nyumba yetu lilitoka kwenye kifaa kilichokuwa chini ya dirisha, na miguu yangu ililipenda. Joto linaanzia miguuni, nikawaza, halafu linapanda lenyewe bila kupulizwa na mtu. Nikaacha kula. Kwa nini nilikuwa nahangaika kuimwaga hewa kutoka juu? Chini ya ukumbi ule kulikuwa na chumba kirefu kitupu. Dakti zingeweza kupita kule, hewa ikapanda kupitia sakafuni na kutoka polepole sana kwenye mabenchi ya mbao tuliyopanga kuyajenga kando ya kuta, kupitia nyavu pana za chuma usawa wa vifundo vya miguu. Ingetambaa sakafuni. Ikifika kwa mtu ingepashwa na mwili wake na kupanda yenyewe. Shingo ya mzee isingepigwa na chochote.

Wali ulipoa. Nilichora nyuma ya bahasha, nikachora tena.

Asubuhi bosi aliutazama mchoro wangu kwa muda, akaugeuza, akaurudisha ulivyokuwa. Akasema ni wazo zuri, tena la watu wa Ulaya, yeye ameliona kwenye majarida tu. Halafu akauliza, "Ikishapanda, itatokea wapi?"

Hewa iliyochoka na joto la watu lazima itoke, na juu palikuwa na dari ambayo hakuna aliyekuwa tayari kuitoboa, mimi nikiwa wa kwanza.

Nilirudi Silver Spring na mwenzangu, kwa kisingizio cha kupima. Nilipanda ile ngazi katikati ya ukumbi, uso wangu karibu na ua la plasta, nikaliangalia kwa tochi petali moja baada ya nyingine. Kati ya petali kulikuwa na vivuli vyeusi mno. Nikaingiza kidole kimoja. Kilipita. Vilikuwa matundu, mengi, yamefichwa kwa ustadi chini ya mikunjo ya petali, na vumbi lililoganda pembeni mwake lilielekea juu. Nilimwomba mwenzangu tishu. Nilipoisogeza tu, iliniponyoka vidoleni, ikanata kwenye plasta na kubaki pale.

"Inavuta," nikamwambia.

Tulipanda orofa ya juu tukikimbia. Katikati ya njia ya kupitia kulikuwa na kitu kama kabati lisilo na mlango, limepakwa rangi ileile ya kuta, ambalo kila mtu alilidhania nguzo. Mwenzangu aliligonga likatoa mlio wa utupu. Tukapanda hadi paani, na palepale juu yake kulikuwa na kibanda kidogo chenye mbao za mlalo, ambacho siku zote nilikiona kutoka barabarani nikidhani ni pambo la njiwa. Mafundi wa zamani, kabla umeme wa feni haujawa kitu cha kila nyumba, walikuwa wamewajengea wacheza dansi njia ya kutolea joto. Ilikuwepo muda wote. Tulisimama juu ya paa tukicheka, yeye akiwa ameshika kofia isichukuliwe na upepo, na mtu aliyekuwa akipita chini alisimama kutuangalia.

Kulikuwa na jambo moja tu: kwenye michoro ya msanifu, lile kabati lilikuwa na alama ya kubomolewa. Nilimpigia simu kutoka kwenye kibanda cha simu cha barabarani maana sikuweza kungoja kufika ofisini. Nikasikia akifungua makaratasi. Kisha akasema njia ya kupitia ya ofisi za juu italazimika kupinda kidogo, na kwamba kwa ajili ya ile dari angeipinda mara mbili.

Kibali cha ujenzi nilikiogopa zaidi. Afisa wa kaunti aliyekagua michoro alijulikana kwa kuirudisha, na nilipoitwa ofisini kwake nilivaa suti yangu ya pekee. Aliuliza hasa kuhusu lile tundu refu linalopita kati ya orofa: moto ukiwaka chini, si litakuwa bomba la kupandishia moshi kwa watu wa juu? Nilikuwa nimejiandaa kwa swali hilo. Nikamwonyesha ukuta wake mpya wa kustahimili moto, na mahali tulipoweka mlango wa chuma unaojifunga wenyewe joto likizidi. Alifuata mistari kwa ncha ya kalamu hadi mwisho. Hatimaye akavua miwani akaniuliza kama dari yenyewe inafanana kweli na picha tulizoambatanisha. Nikamwambia picha haziitendei haki. Akagonga muhuri, akasema atakuja kukagua kazi yeye mwenyewe.

Ujenzi ulichukua majira ya baridi yote na kuendelea. Siwezi kusema kila kitu kilikwenda sawa. Bomba moja la maji lilikataa kukaa tulipolipanga, na mabenchi ya kwanza yalikuja mafupi. Lakini nakumbuka zaidi asubuhi nilizoshuka kwenye treni na kutembea hadi pale, kofia ngumu kichwani, nikisalimiwa na maseremala kama mtu wa nyumbani. Mwenzangu alipata pa kuweka taa zake: alizificha juu ya ukingo wa mizabibu, zikimulika juu, na siku alipoziwasha mara ya kwanza ile dhahabu ikaamka darini kote. Aliondoka akaenda kusimama peke yake dirishani. Nilimwacha.

Siku ya kujaribu hewa ilikuwa ya joto na unyevu, ile hali ya hewa ya huku inayolowesha shati kabla hujafika kituoni. Tulitaka siku kama hiyo. Bosi alikuja. Sista alichukua kiti, akakiweka katikati ya ukumbi, akakaa ameupa mgongo ukuta wa mabenchi, akafungua kola ya blauzi yake ili shingo ibaki wazi, akafumba macho. Alitaka kuipima mashine yangu kwa mwili wake.

Tulimsubiri. Muda ulipita. Mwenzangu alitazama saa. Sista akafumbua jicho moja.

"Sasa anzeni basi," akasema. "Nina zamu mchana."

"Mama," nikamwambia, "ilishawaka kabla hujafika."

Alinitazama, akainama akaweka mkono karibu na wavu wa benchi, akausikia ule ubaridi mwembamba ukipita vidoleni. Kisha akasimama akanikumbatia kwa nguvu, miguu yangu ikaacha sakafu. Nyuma yake bosi alikuwa anacheka kwa mabega tu, bila sauti, kama alivyozoea. Baadaye fundi aliwasha kijiti cha moshi karibu na benchi ili tuone kwa macho. Moshi ulitambaa sakafuni, ukafika miguuni petu, ukapanda taratibu ukituzunguka kila mmoja, ukaenda moja kwa moja kwenye ua la katikati na kuingia kati ya petali. Yule afisa wa kaunti, aliyekuwa amekuja kama alivyoahidi, aliomba tuwashe kijiti kingine.

Kituo kilifunguliwa Jumamosi. Wauguzi wa kanisani walipika tangu alfajiri, kwa hiyo kulikuwa na pilau ya Kitanzania na mukimo wa Kikenya kwenye meza moja, na mke wa mwenzangu alileta sombe, kisamvu cha kwao. Watoto wao walisaidia kubeba sahani. Wazee waliokuwa wameandikishwa walikuja na familia zao, wengi wao Wamarekani wa mitaa ya jirani, weusi kwa weupe, na wachache wa kwetu.

Mmoja wao alikuwa bibi mweusi wa umri mkubwa, mrefu, amevaa kofia ya zambarau na glovu. Alisimama mlangoni asiingie. Nilidhani anahitaji msaada, nikaenda kumpa mkono. Aliniuliza kama ni kweli jengo hili lilikuwa ukumbi wa dansi. Nilipomwambia ndiyo, akanionyesha chumba kidogo cha kando ya mlango, ambacho sisi tulikifanya cha kuwekea mikongojo. Akasema akiwa msichana alifanya kazi mle, kupokea makoti ya wageni. Enzi hizo watu weusi hawakuruhusiwa kucheza pale. Alisikia muziki usiku kucha, na dari aliiona kipande tu, mlango ulipofunguliwa mtu akipita.

"Sijawahi kukanyaga sakafu hii," akasema.

Alilisema bila uchungu, kama mtu anayetaja kitu kilichosahaulika kwenye orodha ya shughuli zake. Nikamuuliza kama angependa kuingia. Akavua glovu, akazitia mkobani, akaniambia hajaja kusimama mlangoni tena.

Mumewe Sista, ambaye sikuwahi kumsikia akisema maneno kumi mfululizo, alikuwa amesikia. Alikwenda kwenye redio ya kaseti, akazizima nyimbo za injili na kutafuta stesheni moja baada ya nyingine hadi akapata bendi ya zamani yenye tarumbeta. Akaongeza sauti. Bibi aliweka mkono wake kwenye bega langu. Nilimweleza kwamba sijui dansi za kwao, akasema yeye anajua kwa wawili.

Tulianza polepole. Alinukia poda na mnanaa. Alitazama juu karibu muda wote, ile mizabibu yote mwisho hadi mwisho, akiniacha mimi niangalie tusigonge meza, na watu wakasogeza viti wenyewe kutupisha njia. Nilimwona mwenzangu amembeba binti yake mdogo mabegani, anamwonyesha taa. Tulifika ukuta wa mbali, karibu na madirisha, na nikalegeza mkono nikidhani amechoka, anataka kukaa.

Bibi akanigeuza, tukarudi tena.